Rafiki yangu anataka tulale vituoni njiani kwenda Harar

Hujambo Shangazi,

Mimi ni fundi wa nguo hapa Uhuru Market, Nairobi. Nina miaka 28, sijaolewa. Kazi yangu hasa ni sare za shule, kwa hiyo Desemba na Januari silali, kisha Februari kibanda kinatulia.

Miaka mitatu iliyopita mteja mmoja wa Eastleigh aliniletea kitambaa nimshonee gauni la dira. Tukiwa tunapima, akanisimulia kuhusu Harar, mji wa kale huko mashariki mwa Ethiopia, juu milimani, uliozungushiwa ukuta. Akaniambia ndani ya ukuta kuna kichochoro cha mafundi watupu, na jina lake limetokana na mlio wa cherehani. Shangazi, tangu siku hiyo sijatulia. Nimeweka akiba kidogo kidogo mpaka imefika Sh74,000. Sijawahi kutoka Kenya. Pasipoti ninayo tayari.

Shida ni rafiki yangu. Tumetoka mbali, tangu shule ya upili. Mwaka jana tulikwenda Lamu pamoja na yeye ndiye aliyepanga kila kitu, akasema tutatumia pesa kidogo sana. Basi likatushusha Mombasa saa tisa usiku, hatuna chumba, tukakaa kwenye benchi la kituo tukisubiri kuche. Nikasinzia. Nilipoamka mkoba wangu haukuwepo. Ndani kulikuwa na simu na mkasi wangu wa kazi, ule mzito niliorithi kwa mama mmoja aliyenifundisha ushonaji. Safari iliyobaki, pamoja na nauli yetu sote ya kurudi, nililipa mimi kwa pesa nilizotumiwa na kaka. Deni la Sh8,500 ninalomdai rafiki yangu hajalilipa mpaka leo.

Sasa ameisikia Harar na anataka twende naye. Anasema Sh25,000 kwa kila mtu inatosha: tupande basi la usiku mpaka Moyale, tulale kituoni, tukivuka mpaka tuombe lifti kwenye malori, na Dire Dawa, mji ulio karibu na Harar, kuna mwanamume aliyefahamiana naye Facebook atatupokea nyumbani kwake bure. Nikimwambia naogopa, ananijibu kwamba nimeanza kujiona tajiri, na kwamba anayetaka kusafiri kwa pesa kidogo lazima avumilie.

Mama naye anaona ni heri hizo pesa zimsaidie mdogo wangu aliye chuoni, ingawa karo ya muhula huu nimeshaitoa. Kwa sababu hiyo nimemwambia nakwenda Mombasa kutafuta vitambaa.

Je, kweli Sh25,000 inaweza kunifikisha Harar na kunirudisha? Nikienda peke yangu nitakuwa nimekosea? Na huyu rafiki nimwambieje?

Fundi wa Uhuru Market

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimesimama hapo kwenye mkasi. Fundi hamwazimi mtu mkasi wake, sembuse kuupoteza kwenye benchi kwa sababu mtu fulani aliona kukodi chumba cha usiku mmoja ni ubadhirifu. Pole sana. Na nataka uitazame vizuri hesabu ya safari ile ya Lamu. Ilikuwa rahisi kwa rafiki yako kwa sababu tofauti yote uliilipa wewe: simu, mkasi, nauli za kurudi, na zile Sh8,500. Sasa mpango ni uleule, ila safari hii kuna mpaka wa nchi katikati.

Mimi pia nimesafiri na pesa za kubana, na Harar nimefika. Nimekula mahali pa bei ya chini, nimetembea kwa miguu mpaka kandambili zikakatika, nimefua nguo kwenye ndoo usiku nikavaa asubuhi zikiwa na unyevu. Huko kote kubana kunawezekana. Kuna mahali patatu tu ambapo sibani: usiku wa kwanza wa kufika mahali nisipopajua, barabara ninayoambiwa ina matatizo, na asubuhi ya kwanza ndani ya mji. Rafiki yako amebana hapo hapo patatu.

Tuanze na barabara. Nairobi hadi Moyale sasa ni lami tupu kupitia Isiolo na Marsabit, na mabasi yanakwenda. Wazee wetu walikuwa wakipanda malori kwa siku kadhaa, tena kwa msafara wenye askari. Upande wa Kenya basi linavumilika. Ninalohofia ni ng'ambo. Kutoka Moyale hadi Addis Ababa ni karibu kilomita 770, na sehemu kubwa inapita Oromia, jimbo ambalo kwa miaka kadhaa limekuwa na mapigano, na wasafiri wametekwa barabarani huko. Kuna siku njia ni shwari kabisa na watu wanafanya biashara zao. Lakini wanawake wawili wageni kuomba lifti ya lori katika njia hiyo, bila lugha, kwa kuokoa nauli? Hapana. Hilo nakukataza kama ningemkataza binti yangu wa kumzaa.

Njia ambayo ningekushauri ni kuruka Nairobi hadi Addis, safari ya kama saa mbili angani, kisha kushika treni ya mchana hadi Dire Dawa. Treni hiyo ni ya umeme, ndugu wa SGR yetu, na njia yake inaendelea mpaka Djibouti. Stesheni ya Addis iko nje kabisa ya mji, kama ile yetu ilivyo Syokimau, kwa hiyo usipange kuruka na kupanda treni siku moja. Lala Addis. Ulizia siku za treni ukiwa bado Nairobi, upange tarehe za ndege kulingana nazo. Na kabla ya kulipia tikiti ya treni, ulizia bei ya ndege ya ndani hadi Dire Dawa, kwa maana Ethiopian Airlines ina desturi ya kuwapunguzia nauli za ndani wageni walioingia nchini kwa ndege zake. Kwa mtu mwenye siku chache, mara nyingine hiyo ndiyo nafuu.

Dire Dawa nataka uitazame kwa jicho la mtu wa Nairobi. Reli ya zamani ya kutoka Djibouti ilikuwa ifike Harar, milima ikakataa, ikabidi ipite chini kwenye tambarare. Mwaka 1902 reli ilipofika hapo, mji mpya ukazaliwa kando yake. Yaani Dire Dawa ni mtoto wa reli kama Nairobi yetu ya 1899. Pana joto, maana uko chini, kama mita 1,200 hivi. Asubuhi yake unapanda matatu ndogo kwenda Harar, kilomita hamsini na kitu za kona na vilima, na unasikia hewa ikipoa kila mkipanda. Harar iko mita 1,885. Hewa yake ni ya Nairobi, sweta ya jioni inatosha. Njiani mtapita Awaday, mji wa soko la miraa, ambayo wao huiita chat. Hilo lihifadhi kichwani, nitalirudia.

Kuna jambo moja ambalo sisi Waswahili tumependelewa. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi: jua likichomoza ndipo siku inaanza, na saa moja yao ndiyo saa moja yetu. Wazungu hukosa mabasi kwa hilo, wewe utajiona nyumbani. Ila hapo penye urahisi ndipo pana mtego. Tikiti ya ndege na simu yako vinafuata saa za kimataifa, na wenyeji wengine wakiona mgeni humgeuzia saa kwa kumwonea huruma. Kwa hiyo ukiambiwa saa kumi na mbili, uliza tena: alfajiri au jioni? Mabasi yao ya masafa marefu huondoka alfajiri sana. Kalenda nayo ni yao wenyewe, ina miezi 13, kwa hiyo tarehe iliyoandikwa kwa mkono kwenye risiti mwombe karani akusomee.

Sasa pesa. Sh74,000 zinatosha, lakini hazitoshi kwa siku nyingi. Ningekaa siku nane. Sh45,000 ziwe za usafiri wote, kuanzia ndege mpaka bajaji. Sh10,000 zifungie mbali, ziwe za ugonjwa au za kubadilisha tikiti, usiziguse kwa sababu ya kikapu kizuri. Zinazobaki ndizo za kulala na kula. Ukikata tikiti ya ndege mapema na bei ikakataa kuingia kwenye hizo 45,000, ahirisha miezi mitatu, ongeza akiba. Ukuta wa mji huo umesimama tangu karne ya 16, utakusubiri.

Viza Mkenya haombi kuingia Ethiopia, hapo umeokoa. Chanjo ya homa ya manjano ipate angalau siku 10 kabla ya kuondoka na utembee na cheti chake, hata wakati wa kurudi utakihitaji. Laini yako ya M-Pesa usiitegemee huko. Ni kweli M-Pesa imeingia Ethiopia tangu 2023, lakini ni ya huko, kwa namba za huko. Beba dola safi zisizokunjika, badilisha benki, weka risiti. Birr, pesa yao, imeshuka sana tangu serikali ilipoiachia ielee Julai 2024, na bei zinabadilika, ndiyo maana sikutajii bei ya sahani ya chakula. Jifunze neno moja tu la sokoni: sint no, yaani ni bei gani.

Halafu angalia mwezi. Unasema Februari, na miaka hii Ramadhani inaangukia huko huko. Harar ni mji wa Kiislamu toka enzi, una misikiti 82 ndani ya eneo unaloweza kulimaliza kwa miguu asubuhi moja. Mchana wa mfungo mikahawa mingi imelala na mafundi wanafanya kazi nusu. Kama huna haraka, nenda mwezi wa Shawwal, ule unaofuata Ramadhani. Wanawake wa Harar, kama mama zetu wa pwani, hulipa siku zilizowapita na kufunga sita, na siku ile ya sita ikiisha mji mzima unaingia kwenye sherehe ya Shuwalid. UNESCO iliitambua mwaka 2023. Ningekuwa na safari moja tu maishani, ningeipanga iangukie hapo.

Usiku wa kwanza Harar, lipia chumba kabla hujaondoka Nairobi. Zipo nyumba za Kiharari zinazopokea wageni ndani ya ukuta. Ukiingia utakuta baraza za ngazi ngazi sebuleni zilizotandikwa mazulia, kila ngazi na heshima yake, na kuta zimejaa vikapu vya rangi kutoka chini mpaka darini. Unalala kwenye nyumba ambayo wengine wanalipa kiingilio kuitazama, na huwa si ghali kama hoteli. Kabla ya kulipa uliza swali la mtu wa Nairobi: maji yapo? Mji ule umehangaika na maji miaka mingi, tangu ziwa Haramaya lililokuwa likiulisha lilipokauka. Ukiambiwa ni ya ndoo, sawa, ndoo tunaijua.

Asubuhi ya kwanza kodi mwongozaji wa nusu siku, mwenye kitambulisho, mkubaliane bei kabla hujanyanyua mguu. Mwite asubuhi. Ikishafika alasiri, chat inatafunwa na mji unapunguza mwendo. Mwombe akuonyeshe milango mitano ya kale ya ukuta, uwanja wa Feres Magala, na yale matundu ya chini ya ukuta ambayo fisi hupitia usiku. Ndiyo, fisi. Sisi tumelelewa kwenye hadithi za fisi mlafi anayepasuka njia panda, na kumbe kuna mji ambako watu humwachia mlango. Jioni nje ya ukuta kuna watu wanaowalisha nyama kwa mkono, na mgeni hulipa kidogo kutazama. Nilisimama hatua tatu kutoka kwa mmoja. Alinuka, akanitazama, akachukua nyama kwa ustaarabu kuliko nilivyotegemea. Nenda na mwongozaji, rudi naye.

Baada ya hapo muage mwongozaji, tembea mwenyewe. Vichochoro ni zaidi ya 300, na utapotea. Ukipotea, tafuta ukuta, ushike, ufuate mpaka mlango wa kwanza. Mzunguko wake wote ni kilomita tatu na ushei, hauwezi kukupoteza siku nzima. Kula ful, yaani maharage, asubuhi, sambusa mchana, na usiku injera, mkate wao mwembamba, kwa shiro, mchuzi wa unga wa dengu. Jumatano na Ijumaa Wakristo wa huko hawali nyama, na mikahawa yao huuza sahani kubwa ya mboga mbalimbali kwa bei ya chini. Onja kuti, chai ya majani ya mbuni. Beba mtandio. Magari ya Peugeot 404 uliyosikia wazee wakiyataja hapa enzi za matatu za mwanzo, mengine bado ni teksi kule.

Na kichochoro chako kipo, mteja wako hakukudanganya. Kinaitwa Makina Girgir. Kinateremka kutoka Feres Magala, chembamba, mafundi wamepanga cherehani nje ukutani upande mmoja na maduka ya vitambaa upande wa pili. Unanunua kitambaa hapa, unageuka, kinashonwa pale, ukiwa umesimama. Pindo la gauni langu lilikuwa limefumuka. Mzee mmoja akanionyesha kigoda, akaupokea upindo bila kunivua kitu, akaukunja kwa kidole gumba kama anayepima chumvi, akaupitisha chini ya sindano huku mguu wa pili bado unapiga mdundo wa kazi aliyoiacha. Sikuelewa neno hata moja alilosema. Wewe utamwelewa zaidi yangu, maana mtazungumza kwa mikono.

Kwa hiyo swali lako la pili nimeshalijibu: kwenda peke yako si kosa. Mji ule mwanamke mwenye adabu zake na chumba chake anautembea mchana bila taabu, akawahi kurudi ndani giza likiingia. Kupanga na mtu asiyekuwa na mpango ndiko kutakakokuumiza. Huyo mwanamume wa Facebook sitamsema vibaya, simjui, na rafiki yako naye hamjui. Akitaka kuwaona, mkutane mchana mkahawani Dire Dawa, mnywe kahawa, kila mtu arudi kwake. Nyumbani kwake hamlali.

Rafiki usimfukuze. Mpe nafasi ya kweli. Mwandikie hivi, na usiongeze maelezo: “Dada, Harar nakwenda tarehe fulani. Ndege, treni na chumba vyako utavilipia mwenyewe kabla ya tarehe hii. Ukiwa tayari twende, nitafurahi. Usipokuwa tayari safari hii, nitakuletea zawadi. Na zile 8,500 nazihitaji kabla sijaondoka.” Akilipa, nendeni wote, kila mmoja na pochi yake. Asipolipa, umeshapata jibu na hujagombana na mtu. Akikuita tajiri, nyamaza. Wewe unajua umeshona sketi ngapi.

La mama yako ndilo limenikosesha raha. Pesa ni zako, karo umetoa, na hukosei kujitengea kitu baada ya miaka mitatu. Lakini fikiria, Mungu apishe mbali, simu yako inazimika siku mbili ukiwa Dire Dawa. Mama atapanda basi aende akutafute Mombasa. Atazunguka hospitali za Mombasa akitaja jina lako. Kaa naye wiki hii, mwambie ukweli, mwachie karatasi yenye namba ya ndege, jina la nyumba utakayolala, na anwani ya ubalozi wa Kenya ulioko Addis Ababa. Atanung'unika. Muulize pia kama yule mama aliyekurithisha mkasi bado yu hai, na kama yupo, mpitie umuage. Halafu nunua mkasi mpya kabla ya safari, uuache kibandani umefungiwa, uukute ukirudi kazini.